Jiko Lilale Nje



Naishi Ifakara, mama wa watoto wawili. Wa kwanza ana miaka tisa, wa pili minne, na tumboni nina mwingine wa miezi mitano. Mume wangu ni fundi pikipiki, mtu mwema, hanywi wala hanipigi. Tatizo langu ni hema.

Kaka yake aliyekuwa akifanya kazi na watalii alimpa hema la kitambaa chepesi, ukilikunja linaingia kwenye begi la shule. Tangu siku hiyo hana wimbo mwingine. Anataka likizo ya Juni twende wote bondeni, ng'ambo ya mto, kwenye shamba la mpunga la marehemu baba yake, tukalale wiki mbili. Mchana tutavuna, jioni atawafundisha watoto kuvua na kuwinda kama alivyofundishwa yeye. Ukoo wao ni Wandamba, na anasema mtoto wa kiume akikua bila kulijua bonde amepotea. Mama mkwe naye tunakwenda naye, anataka kuliona shamba la mumewe.

Sasa mama mkwe ana umri na anasikia baridi sana. Mume wangu ameona kwenye simu Wazungu wanawinda kwenye theluji na hema lenye jiko ndani. Basi ameamua na sisi tutaingiza jiko la mkaa, mkaa ukishakolea na moshi kuisha, halafu tufunge zipu mbu wasiingie. Mwezi uliopita alijaribu uani na mtoto mkubwa. Asubuhi mtoto aliamka kichwa kinamuuma, akatapika. Nikajua malaria, nikampeleka zahanati, kipimo kikaonyesha hana. Mchana akawa anacheza mpira. Baba yake akasema ni maharage ya jana.

Nikisema naogopa ananijibu, "Baba alilala porini na moto miaka arobaini, hakufa." Nikiendelea anaona namdharau marehemu na kwao kwa jumla. Mimi nimekulia Morogoro mjini, mawifi wananiita mtoto wa geti. Nifanyeje, Shangazi? Nikatae kwenda?

Mtoto wa Geti, Ifakara

*



Barua yako niliisoma mara ya kwanza kama barua ya ndoa: mume na kwao, mke na hofu yake, mkwe katikati. Mara ya pili nikakwama kwenye maharage. Umeyataja kwa kupita tu, kama mtu anayetaja kwamba jana kulikuwa na mawingu, nami naona mzigo wote wa barua uko hapo.

Mtoto analala mzima. Anaamka kichwa kinamgonga, anatapika, kipimo cha malaria kinasema hana, na baada ya saa chache za hewa ya nje anakimbiza mpira. Maharage yaliyoharibika yangewashika wote mlioyala, wewe na mdogo wake mkiwemo. Muulize mumeo, kwa upole na bila watu, kama yeye mwenyewe hakuamka mzito asubuhi ile. Mimi si daktari na sikuwa uani kwenu, lakini ninavyoona, mwanao alivuta hewa ya mkaa usiku kucha.

Hewa hiyo inaitwa kaboni monoksidi. Mkaa ukiungua mahali penye hewa haba huitoa pamoja na joto lake. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukalia kiti cha oksijeni, na inaking'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka kama daladala iliyojaa watu wasioshuka, na abiria mwenye safari anabaki kituoni. Kwanza kinauma kichwa, kisha kichefuchefu, kisha miguu inalegea, kisha unakuja usingizi. Aliyelala tayari hapitii vituo hivyo akijua. Anatoka kwenye usingizi wake kwenda kwenye ule mwingine bila kugeuka. Watoto na wazee huumia upesi, na aliyeko tumboni huumia kuliko mama anayembeba.

Huku bondeni hewa hiyo imepata pa kujificha. Kwetu kichwa na kutapika ni malaria, hakuna mjadala. Nawaza ni wangapi wameamka hivyo baada ya kulala na jiko, wakameza dawa ya mseto bila kupima, mchana wakapata nafuu kwa sababu wametoka nje, wakaisifu dawa, na usiku wakaliingiza jiko tena. Wewe ulipima. Usingepima, leo usingekuwa na swali la kuniuliza, ungekuwa na jibu la uongo. Siku ukipita zahanati waeleze na habari ya jiko, waiandike.

Nakuja kwenye ile "mkaa ukishakolea na moshi kuisha". Mumeo anafikiri hapo ndipo usalama unapoanza. Moshi ni kengele: unakuwasha macho, unakukohoza, unakutoa nje kwa nguvu. Mkaa mwekundu uliotulia, wenye jivu jeupe juu kama unga, umeikata kengele hiyo lakini hewa ya sumu unaendelea kuitoa. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii kitu, maana hewa hii hainaswi na maji. Kuacha zipu wazi upana wa kiganja pia si kinga.

Haya sikuyasoma tu. Miaka mingi iliyopita nilikwenda msibani Makete, mwezi wa Julai. Tulilala wanawake sita chumba kimoja, dirisha tumeliziba kwa khanga, jiko la mkaa katikati. Tulipiga hadithi, tukacheka, tukanyamaza. Usiku wa manane shangazi yangu alibanwa na mkojo. Akainuka, akapiga hatua mbili, akaanguka na uzito wake wote juu ya mlango wa bati uliofungwa kwa kamba. Mlango ukaachia, naye akalala nusu ndani, nusu nje. Baridi ya Makete ilipoingia ndiyo iliyotuamsha sisi watano, na tulitapika mpaka alfajiri. Hakuna aliyekuwa amesikia harufu yoyote. Mpaka leo kwetu tunasema tuliokolewa na kibofu cha shangazi.

Sasa fikiria hilo litokee kwenu shambani. Tunalo daraja juu ya Mto Kilombero, na siku za kusubiri pantoni tumezisahau. Lakini daraja liko barabarani. Saa nane za usiku, kati yako na barabara kuna majaruba, matope na viboko waliotoka majini kula. Mgonjwa wa hewa hii anahitaji kutolewa nje mara moja, kisha oksijeni ya hospitali, na oksijeni haiji kwa bodaboda.

Niseme na neno la haki kwa mumeo. Hema aliloliona kwenye simu lipo kweli. Lakini jiko la mle ndani ni la bati, lina mlango unaofungwa, na lina bomba linalopanda mpaka nje ya paa kupitia kwenye kola isiyoshika moto. Hewa safi inaingia chini, chafu inatoka juu. Hata hivyo wenyewe walio waangalifu huacha moto ufe kabla ya kulala, tena hutundika kifaa kinachopiga kelele hewa hii ikizidi. Wanajitaabisha hivyo kwa sababu huko maji hugeuka jiwe ndani ya chupa. Jiko letu la mkaa halina bomba, linapumulia mdomoni mwako. Na hema lenu, kama ni la kitambaa cha plastiki kama mengi mepesi yalivyo, cheche moja inalitoboa, na likishika moto linayeyuka na kudondoka juu ya aliyelala.

Ifakara haifiki mita 300 juu ya usawa wa bahari. Ni kweli, Juni na Julai hewa ya Udzungwa ikishuka usiku na umande ukikaa juu ya mpunga, mzee anatetemeka. Lakini hatujawahi kuvunja barafu ndooni. Baridi ya bondeni ni ya unyevu, na inapanda kutoka ardhini, kwa hiyo dawa yake iwekwe chini ya mtu.

Mtakuwa mmevuna, mabua yapo. Chagueni makavu kabisa, myatandaze unene wa mkono mzima, juu yake turubai, juu ya turubai mkeka, ndipo blanketi. Watu hujifunika matatu na kulalia moja, kisha wanashangaa mgongo ukiganda. Mama mkwe apewe mawili chini na mawili juu. Nguo alizoshinda nazo shambani azivue zote, hata kama anaziona kavu, avae nyingine, na soksi, na kofia ya sufu. Kabla ya kulala chemsheni maji, myatie kwenye chupa isiyovuja, muizungushie kitenge mikunjo miwili na kuiweka miguuni pake. Itakaa na joto saa kadhaa bila kumdhuru mtu. Mkitaka kupasha mawe motoni ni sawa, ila msiyaokote mtoni, maana yamekunywa maji na yakipata moto hupasuka kama risasi. Ugali wa moto na mchuzi wa kambale kabla ya kulala ni jiko lingine, na hilo nawaruhusu kulala nalo.

Hema liachwe lipumue. Watu watano wakilala ndani ya kitambaa kisichopitisha hewa, pumzi zao hugeuka maji na kuwadondokea, asubuhi blanketi zimelowa na baridi imeongezeka. Mbu? Hofu ya mumeo ni ya kweli na naiheshimu. Lakini mbu anazuiwa na wavu. Madirisha ya hema yakiwa na wavu mzima, fungueni vifuniko vyake vya kitambaa. Kama wavu umechanika au haupo, fungeni chandarua chenye dawa humo ndani. Mumeo huenda anaikumbuka Zuia Mbu, chandarua kilichoanza kuuzwa Kilombero na Ulanga mwaka 1997. Watafiti walifuatilia watoto wa wilaya hizo na kuonyesha wazi kwamba waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walinusurika zaidi. Bonde hili liliifundisha dunia jambo kwa kitambaa chenye matundu. Si mahali pa kuja kujifungia kwenye kitambaa kisicho na tundu.

Moto muuwashe nje, hatua kumi au zaidi kutoka hemani, upande ambao upepo hauwaletei cheche. Mkimaliza, muumwagie maji na kuufukia. Jiko mkishapikia libaki hukohuko nje, hata likionekana limezima. Jiko lina tabia ya mtoto mtundu: likinyamaza ndipo ulichunguze. Na hema lisikae kwenye njia ya viboko. Ukiona nyasi zimelala kama zimeburutiwa gunia kutoka mtoni, hiyo ni barabara yao, nao hawapishani na mtu.

Jambo moja kuhusu uwindaji. Simcheki mumeo kwa kuutamani. Mwaka 1926 Mwingereza A. G. O. Hodgson alichapisha makala nzima kuhusu mila za uwindaji za Wandamba wa bonde hili, wakati huo likiitwa Bonde la Ulanga. Ulikuwa ujuzi wenye mafundi wake. Lakini baba mkwe wako aliwinda chini ya sheria nyingine. Leo ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kuwinda bila leseni ni kosa. Haijalishi ni sheshe, ni kanga au ni ndezi wa mchuzi. Mwaka 2002 bonde liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na 2023 Pori Tengefu la Kilombero likapandishwa kuwa Pori la Akiba. Maana yake kwenu ni hii: kabla ya kufunga mzigo, mumeo apite ofisi ya kijiji na kwa maofisa wa wanyamapori wa TAWA, aulize shamba la mzee liko upande gani wa mpaka, na wapi mnaruhusiwa kulala na kuvua. Mpaka wa kichwani mwa baba yake huenda si ule wa vigingi. Mkuki, mbwa na waya wa mtego vibaki nyumbani. Watoto awafundishe kusoma nyayo kwenye tope, kujua nyati amepita saa ngapi, kutofautisha sauti ya kanga na ya kwale, kufunga ndoano. Hiyo ndiyo nusu ngumu ya uwindaji.

Sasa turudi kwenu. Umeuliza ukatae kwenda? Usikatae. Ukikataa, mumeo atakwenda na mtoto mkubwa na jiko, na hapo ndipo sitalala mimi.

Tatizo ni kwamba mmeifanya vita hii iwe kati yako na marehemu, na marehemu hashindwi na mtu. Kila unachosema, jibu ni "baba hakufa". Basi muache marehemu awe upande wako. Alilala wapi miaka hiyo arobaini? Wewe wa geti hukuwepo, mimi pia sikuwepo, lakini yupo aliyekuwepo na mnakwenda naye.

Siku moja jioni mkiwa mmekaa wote, mumeo akiwepo, muulize mama mkwe: "Mama, nyie enzi zenu bondeni mlikuwa mnalalaje?" Kisha nyamaza. Naamini atakwambia habari ya dungu. Sakafu ya fito juu ya nguzo, paa la nyasi, kuta za matete au hakuna ukuta kabisa, upepo ukiingia huku na kutokea kule. Muulize moto ulikuwa wapi. Utasikia ulikuwa chini, au kando, magogo yakifuka moshi wa kufukuza mbu. Muulize kama kuna siku waliingia kulala na makaa mahali pasipo na upenyo hata wa kidole. Hapo muangalie mumeo, na usiseme neno.

Mzee hakukosea, mwanangu. Moto wake ulikuwa salama kwa sababu dungu linapumua. Mwanawe ameuchukua moto wa baba na kuutia kwenye nyumba isiyo ya baba. Ukilisema hivyo hujamdharau mtu wa kwao. Umemwambia kwamba yeye, kwa hema lake la kigeni, ndiye aliyeiacha desturi, na kwamba wewe wa geti unamsihi airudie.

Kisha mpe cha kufanya. Fundi hapendi kuambiwa "usifanye" na kuachwa mikono mitupu. Mwambie jukumu la baridi ya mama ni lake: atafute mabua, apige kitanda cha fito kimwinue mama kutoka ardhini, apime chupa zisizovuja. Kitanda alichopigiwa na mwanawe kitampasha mama mkwe joto kuliko jiko lolote. Nimeisoma barua yako, na mtu anayebeba mama yake, mkewe na watoto kwenda kuwaonyesha shamba la jasho la baba yake si mkaidi. Anapenda, ila ameshika chombo kisicho chake.

Akikataa hata baada ya hapo, usibishane tena. Mwambie neno moja tu, kwamba jiko likiingia wewe na watoto na bibi yao mnalala nje kwenye chandarua. Na ulitekeleze. Usione haya. Kwenye jambo hili mtoto wa geti ndiye aliyeona geti limefungwa.

Kwa mimba yako, kabla ya safari onana na mkunga wako wa kliniki umweleze mnakwenda wapi na kwa siku ngapi, na ujue zahanati iliyo karibu na shamba ni ipi. Yeyote akishikwa na homa huko apimwe siku hiyohiyo, msisubiri mavuno yaishe.

Na asubuhi ya kwanza, kabla hujabandika chai, muulize mwanao, "Kichwa kinauma?" Akikujibu kwa kuuliza ndoano yake iko wapi, usimwambie mumeo "nilikwambia". Mpelekee chai tu, huko nje, jiko lilikolala.

Shangazi yako